Mwongozo kamili: kupima moyo, kuanzia sebuleni kwako hadi kwenye eko

Maswali ninayoletewa hapa Uganda ni yale yale, yamebadilisha nguo tu. "Nilipimwa presha nikaambiwa niko sawa, mbona nikipanda kilima pumzi inakata?" "Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo tangu Pasaka na kifua bado kinabana." "ECG yangu ilitoka safi, kwa nini daktari mwingine anataka eko?" (ECG hupima umeme wa moyo; eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.)

Wanaouliza si wazembe. Wamelipa nauli, wamepanga foleni, wamenunua dawa. Wanakwama mahali patatu: wanaingia kwa daktari mikono mitupu, wanapimwa kitu kimoja wakidhani moyo wote umepimwa, kisha wanarudi nyumbani bila karatasi. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba matundu hayo matatu.

## Kama unabanwa sasa hivi, soma hapa tu

Acha hatua nyingine zote ikiwa wewe au mtu aliye mbele yako ana mojawapo ya haya:

- Kifua kinabana au kimelemewa kwa zaidi ya dakika 15 hata baada ya kupumzika, hasa kama maumivu yanapanda shingoni au kwenye taya, yanashuka mkononi au yanatokea mgongoni, na jasho baridi linatoka.
- Pumzi imekata ghafla, hawezi kumaliza sentensi, au anakohoa povu lenye rangi ya damu.
- Amezirai, hasa akiwa anafanya kazi au anakimbia.
- Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri. Hicho ni kiharusi.

Mkalishe akiwa ameegemea, mlegezee nguo, tafuta gari. Usimpandishe bodaboda mtu anayetoka jasho baridi: akizirai njiani ataanguka na kumvuta dereva. Wala asiendeshe gari mwenyewe.

Kama shida ni kifua kubana, naye hana mzio wa aspirini wala hatoki damu tumboni, atafune aspirini ya miligramu 300, au vidonge vinne vya miligramu 75. Atafune, asimeze kizima, kwa sababu kilichotafunwa hufika kwenye damu mapema zaidi. Ukiona dalili za kiharusi usimpe: huenda mshipa umepasuka kichwani, na aspirini itaongeza kuvuja kwa damu.

Mkiwa njiani, mmoja wenu apige simu hospitali aulize swali moja: "Mashine yenu ya ECG inafanya kazi sasa hivi?" Jibu likiwa hapana, pigeni kwingine. Duka la dawa si mahali pa kusimama.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari haliishiwi chaji kwenye foleni.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au kipima muda cha simu.
- Mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono hudanganya kirahisi, usitupe pesa huko. Huna? Azima kwa jirani mwenye presha, au omba kupimwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kila siku saa ile ile.
- Futi ya fundi cherehani, ya kupima unene wa mkono. Kitambaa cha kawaida cha mashine nyingi kinafaa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene unahitaji kitambaa kikubwa.
- Mizani ya kupima uzito. Ya dukani inatosha, ili mradi utumie ile ile kila mara.
- Dawa zako zote kwenye kavera (mfuko wa plastiki) moja, pamoja na za kienyeji. Usione haya kuzitoa: kuna mizizi na majani yanayogombana na dawa za moyo.
- Karatasi za zamani za hospitali na kitambulisho cha taifa.
- Mtu wa kukusindikiza, anayeweza kusema vile unavyolala usiku. Wewe hujioni ukiwa usingizini.

## Hatua ya 1: Andika dalili, si jina la ugonjwa

Ukiingia kwa musawo, yaani mhudumu wa afya, ukasema "nina vidonda vya tumbo", utatoka na dawa za vidonda vya tumbo. Ukisema "ni malaria", utatobolewa kidole. Jina unalolitaja wewe ndilo linalopanga vipimo, kwa hiyo usilitaje. Eleza kilichotokea.

Jibu maswali matano kila dalili inapokuja: Ilianza saa ngapi? Nilikuwa nafanya nini? Ilidumu dakika ngapi? Ni nini kiliituliza? Ilikuja na nini kingine?

Tumia vipimo vya maisha yako. "Nachoka" haimwambii mtu kitu, maana nani hachoki? Lakini "mwaka jana nilibeba jerikeni ya lita 20 kutoka kisimani bila kupumzika, leo naiweka chini mara tatu" ni sentensi ambayo daktari ataiandika. Hesabu na mito pia. Kama ulikuwa unalala na mto mmoja na sasa unahitaji mitatu, au unaamka usiku wa manane ukikimbilia dirishani kutafuta hewa, andika. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa kwenye mapafu mtu anapolala chali.

Maumivu ya kifua ndiyo yanayowachanganya wengi. Yanayotoka kwenye moyo mara nyingi hata hayaitwi maumivu: mtu atakuambia uzito, mkazo, kama kuna aliyekalia kifua. Huja ukipanda mlima au ukigombana na mtu, na hutulia dakika chache baada ya kupumzika. Kiungulia huchoma, hufuata chakula au kulala, na huleta uchachu kooni. Maumivu ya misuli unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na ukibonyeza hapo yanazidi. Hizo ni dalili za kuelekeza tu. Nisingependa mtu ajitibu kwa aya hii, kwa sababu wanawake wengi na wenye kisukari hupata shambulio la moyo bila maumivu makali: wanaishiwa nguvu, wanasikia kichefuchefu, wanakosa pumzi, basi.

Umefaulu kama: daftari lina matukio angalau matatu, kila moja na saa yake, na hakuna jina la ugonjwa hata mahali pamoja.

## Hatua ya 2: Hesabu mapigo

Kaa kimya dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba. Kina mapigo yake na utajihesabu mara mbili. Hesabu dakika nzima. Wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hukosa mapigo yanayorukwa, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo 60 hadi 100 ni kawaida. Moyo wa mtoto huenda mbio zaidi, na mwanariadha anaweza kuwa chini ya 60 bila shida yoyote. Sikiliza na mdundo: unakwenda sawasawa, au unavurugika kama ngoma iliyoshikwa na asiyejua kupiga? Mdundo uliovurugika kabisa unaweza kugandisha damu ndani ya moyo, na bonge hilo likipanda kichwani ni kiharusi. Huo peke yake unatosha kukupeleka kwenye ECG, hata kama husikii chochote.

Moyo kwenda mbio wakati wa homa au ukiwa na upungufu wa damu ni jambo linalotarajiwa. Andika joto la mwili siku hiyo usije ukamsumbua daktari wa moyo kwa malaria.

## Hatua ya 3: Presha kwa siku saba

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanapima mara moja, wametoka kushuka kwenye teksi, foleni imewaudhi, kibofu kimejaa, na wanaongea na muuguzi huku mashine inafanya kazi. Namba inayotoka ni ya safari, si ya moyo.

Fanya hivi, asubuhi kabla ya dawa na chakula, na tena jioni:

1. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, chai ya rangi, sigara wala kazi nzito.
2. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Kaa kwenye kiti chenye mgongo. Egemea. Nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipandane.
4. Weka mkono mezani, kitambaa kiwe sawa na kimo cha moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda bure.
5. Funga kitambaa kwenye ngozi, si juu ya shati wala gomesi (vazi refu la kina mama), vidole viwili juu ya kiwiko.
6. Tulia dakika tano. Usiongee, usijibu simu.
7. Pima, subiri dakika moja, pima tena. Andika zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule uliotoa namba kubwa. Tofauti ikizidi 20 kwenye namba ya juu, mwambie daktari. Siku saba zikiisha, tupa namba za siku ya kwanza (mtu huwa na wasiwasi na mashine) na utafute wastani wa zilizobaki.

Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Kwa vipimo vya hospitalini mpaka ni 140/90. Ukiona 180/120 au zaidi, pumzika dakika tano upime tena. Ikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa au macho kutoona vizuri, rudi kwenye sehemu ya dharura hapo juu. Ikibaki hapo bila dalili, muone mhudumu siku hiyo hiyo.

Sasa jambo ambalo ningelipigilia msumari ukutani: presha nzuri haimaanishi moyo mzima. Vali ya moyo, kile kilango kinachopitisha damu, inaweza kuwa imeziba na presha ikasoma 110/70. Moyo uliochoka mara nyingi hutoa presha ya chini. Presha ya juu huharibu moyo, ndiyo maana tunaipima, lakini ni mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi.

Umefaulu kama: una karatasi moja yenye safu za tarehe, asubuhi, jioni, mapigo, na wastani umeandikwa chini.

## Hatua ya 4: Miguu na uzito

Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde kumi. Achia. Kama kishimo kinabaki, mguu umejaa maji. Miguu yote miwili, pamoja na pumzi fupi, inaelekeza kwenye moyo au figo. Mguu mmoja tu uliovimba na kuuma ni habari nyingine, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo haisubiri Jumatatu.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja. Kilo mbili kuongezeka ndani ya siku tatu si matoke. Ni maji.

## Hatua ya 5: Nenda mahali sahihi, na useme vizuri

Kituo cha afya cha ngazi ya pili kitakupima presha na kukuelekeza. Ngazi ya nne kwa kawaida ina daktari. Kwa ECG na eko, tazamia hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Mbarara, Mbale, Gulu au Arua, au hospitali kubwa za misheni, kama Lacor huko Gulu na Nsambya, Mengo na Rubaga mjini Kampala. Juu ya zote iko Taasisi ya Moyo ya Uganda, kwenye kilima cha Mulago. Omba barua ya rufaa kabla ya kupanda basi, na piga simu kwanza kuuliza mambo mawili: mashine inafanya kazi, na kliniki ya moyo ni siku gani. Uliza na bei, kwa sababu hata ndani ya mji mmoja hazilingani.

Hapa Uganda kila aliyevaa koti jeupe tunamwita musawo, awe daktari, muuguzi au anayeuza dawa. Heshima ni nzuri, ila uliza kwa upole unayezungumza naye ni nani. Anza hivi:

"Musawo, pole na kazi. Kwa wiki sita sasa napumua kwa shida nikipanda ngazi, na usiku nalala na mito mitatu. Hizi hapa presha zangu za siku saba, na hizi ni dawa ninazotumia. Naomba unisikilize moyo."

Akijibu, "Mama, hiyo ni presha tu," usibishane. Muulize, "Ni nini kingine kinachoweza kuleta hali hii, na tutakijuaje?" Swali hilo humfanya mhudumu mzuri arudi kukaa.

Akikusikiliza kwa stetoskopu, iwe kwenye ngozi, mbele na mgongoni. Mlio wa vali mbovu ni mwembamba, na sweta huumeza. Mwanamke ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani.

Shangazi yangu alitibiwa pumu kwa miaka miwili. Dawa ya kuvuta ilimsaidia kidogo, ikaisha, akaandikiwa nyingine. Siku alipomkuta kijana aliyemwambia avue sweta, mlio ulisikika. Eko ikaonyesha vali iliyobana. Sikitaji kituo kile. Wangekuwa wao tu ningekitaja.

## Hatua ya 6: Jua kila kipimo kinajibu swali gani

ECG huuliza: umeme wa moyo unatembeaje? Dakika kumi, haiumi. Huonyesha mdundo uliovurugika, moyo ulionenepa, na shambulio la sasa au la zamani. Siku hiyo usijipake Vaseline wala mafuta kifuani, vibandiko havitashika. ECG safi uliyopigwa wakati hubanwi haikuondolei shaka. Mashine nyingi huchapa maelezo juu ya karatasi. Hayo ni makisio yake, daktari lazima asome mwenyewe.

Eko huuliza: pampu na vali zinafanyaje kazi? Ni picha ya mawimbi ya sauti, ile ile teknolojia wanayotumia kwa wajawazito. Ukiwa na pumzi fupi, miguu iliyovimba au mlio kwenye moyo, hiki ndicho kipimo chako. Huonyesha pia maji yaliyozunguka moyo, jambo ambalo hapa kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu.

Eksirei ya kifua huuliza: moyo umepanuka, mapafu yana maji? Ni ya haraka, ila haioni vali.

Damu: wingi wa damu, sukari, figo, potasiamu, mafuta, na tezi ya shingo. Ukienda na maumivu ya kifua ya ghafla, waulize kuhusu kipimo cha troponini, kitu kinachoongezeka kwenye damu pale misuli ya moyo inapoumia. Kipimo cha kwanza kikiwa safi mapema mno, hurudiwa baada ya saa chache. Usikubali kurudishwa nyumbani kabla ya hicho cha pili bila kuelezwa sababu.

Mashine ya kubeba saa 24 ni kwa mapigo yanayokuja na kuondoka. Kutembea kwenye mashine ya mkanda huku moyo ukipimwa ni kwa kifua kinachobana ukijitahidi. Picha ya mishipa kwa dawa na waya mwembamba ni kwa wanaoshukiwa mishipa imeziba. Hutaanzia hapo.

### Watoto na waliojifungua

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 aliyeumwa koo, kisha goti likavimba, likapona, kikafuata kiwiko, apelekwe hospitali. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, na kila inaporudi huzidi kula vali za moyo. Anayechoka haraka kuliko wenzake kwenye mpira, au anayekohoa damu ilhali vipimo vya kifua kikuu ni safi, aombewe eko. Akithibitishwa, atachomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Sindano inauma, na mtoto atalia. Kukosa dozi ni kufungulia mlango ugonjwa urudi. Kliniki za vali za moyo zipo hata nje ya Kampala, kwa mfano Gulu na Mbarara.

Mama aliyejifungua ambaye hawezi kulala chali, au miguu yake inazidi kuvimba baada ya mtoto kutoka, asiambiwe "ni uzazi". Kuna udhaifu wa moyo unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Mama huyo anahitaji eko wiki hii.

## Hatua ya 7: Usitoke bila karatasi

Omba nakala ya kila kipimo, na uipige picha kwa simu hapo hapo. Kwenye karatasi ya eko tafuta herufi EF: ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo. Kati ya 55 na 70 ni kawaida, chini ya 40 pampu imedhoofika. Watu huona 60 wakashtuka kana kwamba ni alama za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hakuna moyo unaopata 100.

Kabla ya kuinuka kwenye kiti, muulize daktari: Umeona nini? Ni nini umekiondoa, na ni nini bado hakijulikani? Dawa hii ni ya kazi gani, na ya muda gani? Nirudi lini, na ni dalili gani zinirudishe mapema? Aandike majibu, au aandike aliyekusindikiza.

Onyo moja kuhusu dawa za presha: namba zikishuka, usiache kumeza. Zimeshuka kwa sababu unameza. Dawa ikikusumbua, kikohozi kikavu kisichoisha kwa mfano, rudi ubadilishiwe.

Umefaulu kama: una jina la ugonjwa lililoandikwa, au maelezo ya kilichoondolewa, pamoja na nakala za vipimo na tarehe ya kurudi. Siku ya kurudi, beba na mashine yako ya presha. Mwombe muuguzi apime kwa ya kwake, nawe upime kwa ya kwako, mkono ule ule, dakika moja baadaye. Zikipishana sana na tena na tena, badilisha betri, kagua kitambaa, kisha urudie siku saba.